Kumi na Mmoja Waliolazwa Kuelekea Kaskazini

Wasikilizaji wapendwa, mlioko majumbani na mlioko Garsen mkisubiri basi la Lamu, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Dhadho Omar wa Hewani, aliyetutoka Ijumaa iliyopita, mwaka huu wa 1957. Alikuwa mkulima wa mpunga na ndizi. Na vitani, huko Bama, yaani Burma, Dhadho alikuwa mzikaji.

Hilo la mwisho wengi hamkulijua. Hata binti yake, Mwanaarusi, hakulijua mpaka mwaka jana.

Alilolijua Mwanaarusi, na Hewani nzima, ni kwamba Dhadho hazikani na watu. Akifa jirani, wanaume hushika majembe. Dhadho alibaki mtoni, akijidai kufunga mtumbwi uliokwisha kufungwa. Tangu arudi kutoka vitani mwaka 1946, hakushuka kaburini hata siku moja. Nasi watu wa mtoni tunapenda kulima. Tukikosa shamba tunalima majina ya wenzetu. Ikasemwa ana kiburi cha uaskari. Mwanaarusi akaambiwa usoni, "Baba yako, siku yake, atazikwa na nani?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa baba alikwisha kuanza kukohoa damu.

Kuuliza si ujinga. Mwanaarusi akatoa cheti cha jeshi cha baba yake sandukuni, akakipeleka Garsen kwa Josiah, karani. Josiah akamsomea: kazi, kukusanya na kuzika maiti. Akamwelekeza kwa Dubow, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye naye alikuwa Keya, askari wa KAR.

"Baba yako mimi najua sana," Dubow alimwambia pale mnadani. "Sisi nabeba maiti kwa machela, mvua iko, risasi iko. Yeye naosha uso ya kila mtu na maji ya chupa yake. Yeye mwenyewe nakaa na kiu."

Kisha akamweleza lililobaki. Mwezi wao wa kwanza huko walizika Waislamu kumi na mmoja. Dhadho aliwalaza kama alivyofunzwa Hewani: ubavu wa kulia, uso kaskazini. Kwetu kibla ni kaskazini, wasikilizaji. Lakini Bama iko mbali mashariki, na huko Makka iko jua linakotua. Askari wa Kihindi ndiye aliyewaambia. Dhadho akaomba ruhusa arudi akawageuze. Hakuruhusiwa, jeshi lilikwisha kuvuka mto. Kazi aliimaliza kwa amri. Kwa hiari yake, hakuzika tena.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanaarusi alilia katikati ya ng'ombe, wala hakuona haya.

Siku ileile akapita kwa Maalim Abdirahim, mwalimu wa chuo cha Kurani. Maalim akamjibu taratibu, "Mwanangu, asiyeijua kibla akajitahidi, Mungu humpokelea. Wale wako kwa Mola wao. Mwambie baba apumzike."

Mwanaarusi alimkuta baba shambani, akamweleza yote. Dhadho aliweka jembe chini. Kisha akauliza, "Wote kumi na mmoja?"

"Wote, baba."

Mwanaarusi anasema ndiyo mara ya kwanza kuona machozi ya baba yake.

Haukupita mwezi, akafa jirani yao Uledi. Dhadho, na kikohozi chake, akashuka kaburini. Akamlaza Uledi, akatazama jua, akalitazama tena. Wenziwe wakamtania, "Dhadho, kibla ya Hewani haijahama."

"Najua," akasema. "Nahakikisha tu." Baada ya hapo hakukosa maziko hata moja, mpaka miguu ilipokataa.

Ijumaa iliyopita Hewani yote ilishika majembe kwa ajili yake. Dubow alikuja kutoka Garsen, na uzee wake, akaomba ashuke yeye kaburini. Walipomaliza, alikwenda uani kwa Mwanaarusi, mikono bado ina udongo.

"Binti yangu," akamwambia, "mimi nalaza yeye vizuri. Uso iko kaskazini. Hapa kaskazini ni sawa."

Mwanaarusi, na jamaa wote wa Hewani, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nanyi mnaosikiliza, huenda nyumbani kwenu yumo mtu aliyerudi kutoka vitani akanyamaza, na nyinyi mkampa jina. Mwendeeni leo, mkae naye, mumuulize. Mwanaarusi aliwahi kuuliza, baba yake angali hai.