Kibuyu cha Aliyetukamulia

Bi. Waithera Njuguna atastaafu tarehe thelathini Juni, akiwa amelitumikia jumba letu la makumbusho hapa Kitengela kwa miaka ishirini na tisa. Alianza akikata tikiti langoni, akahamishiwa stoo, na tangu hapo mchwa hawajapata raha.

Kazi yake ilikuwa kuzuia vitu visioze. Kwa hiyo mwaka jana, vijana wa sekondari walipoomba ukumbi waandae maonyesho kuhusu kifo na uozo katika sanaa, tulidhani atawafukuza. Badala yake alivuta kiti. Alitaka kujua kwa nini mchoraji achore fuvu kando ya maua, na kwa nini watoto wa umri ule wapende kuliangalia. Akawasaidia kuweka sahani ya machungwa mbele ya picha, yaoze polepole. Yalipoanza kuota ukungu, mazoea yakamshinda: aliyatupa, akaosha na sahani. Walimcheka wiki nzima.

Shida ililetwa na kibuyu. Saruni, mmoja wa vijana hao, alikuja nacho kutoka kwao Bisil, kibuyu cha maziwa cha marehemu nyanya yake. Mshipi wake wa ngozi ulikuwa umeliwa na wadudu, lakini ndani bado kilinukia moshi. Nyawira, mwanafunzi mwenzake aliyeandika kadi za maelezo, akaandika jina la nyanya huyo kwa herufi kubwa. Kwao Nyawira, jina la nyanya hupewa mjukuu, likaitwa kila siku. Yeye mwenyewe ana jina la nyanya yake. Kwao Saruni, jina la aliyefariki halitajwi.

Mzee Metito, mwana wa marehemu, alifika siku moja kabla ya ufunguzi. Alipoiona kadi alisema anarudi nyumbani na kibuyu chake. Nyawira alilia. Saruni alitoka akakaa nyuma ya tangi la maji, akijua ameaibisha ukoo.

Bi. Waithera aliiondoa kadi, akamletea mzee chai, kisha akamwuliza nyumbani husema vipi wanapotaka kumkumbuka.

"Tunasema yule aliyetukamulia," akajibu mzee. "Andikeni hivyo tu."

Nyawira aliandika. Mzee akatoka, akarudi na Saruni, akampa kibuyu akiweke mezani kwa mikono yake mwenyewe.

"Polepole, kijana. Usiniangushie mama."

Mimi, mfanyakazi mwenzake, nilikuwa nimemzika mume wangu miezi michache tu kabla ya hapo. Bi. Waithera alinipangia zamu katika ukumbi ule, na sikumwuliza sababu. Wageni waliisoma kadi, kisha wengi wakabaki pale wakinisimulia wao huwaitaje marehemu wao.

Asante, Bi. Waithera, kwa kuuliza kabla ya kuamua. Huko mjini Kajiado unakohamia tunakuombea afya, majirani wema, na asubuhi zisizo na haraka.