Aproni ya Jentrix

Bi. Jentrix Adoyo anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuwahudumia wateja wa Hoteli ya Mapambazuko, hapa Kapsoit, kwa miaka ishirini na minane. Alipoajiriwa mwaka wa 1997 hoteli ilikuwa na meza nne na karai moja la mandazi. Leo meza ni kumi na tisa, na hakuna hata moja ambayo hajaifuta mara elfu.

Wenzangu walinichagua mimi, Fancy, niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ni msimamizi wa zamu na nimefanya naye kazi kwa karibu. Nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki mbili nikiitazama karatasi tupu. Nina aibu, na ni heri niseme mapema ili msije mkadhani huu ni wasifu wa kusifiana tu.

Jentrix alizaliwa upande wa ziwa, akaja Kericho na mumewe, marehemu Jackton, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha chai. Wateja aliwatambua kwa wanachokunywa. Dereva mmoja wa lori la majani mabichi ya chai alikuwa Turungi Mbili, kwa vikombe vyake viwili vya chai isiyo na maziwa. Mwalimu fulani wa Sotik alikuwa Tangawizi, na hata alipopandishwa cheo akawa mkuu wa shule, hapa alibaki Tangawizi. Kabla ya kuweka kikombe mezani Jentrix alikigusa kwa mgongo wa mkono, na kama hakikuwa na moto wa kutosha alikirudisha jikoni bila kuambiwa. Kuna abiria wa Kiptere aliyesahau kuku chini ya meza. Jentrix alimfuga nyuma ya jikoni siku tisa, na mwenyewe aliporudi alikabidhiwa kuku wake pamoja na mayai sita yaliyofungwa kwenye gazeti.

Sisi hatufungi, usiku wala mchana. Amri ya kutotoka nje usiku kwa ajili ya korona ilipokuja mwaka wa 2020 ndipo tulipogundua kwamba hoteli haina hata kufuli, na usiku wa kwanza mlango ulifungwa kwa kamba ya ng'ombe ya Mzee Aron, mwenye hoteli. Tulicheka sana. Jentrix alichekea kule nyuma, kwenye masinki ya kuoshea vyombo, kwa sababu wakati huo hakuruhusiwa kuja mbele kwa wateja. Aliyemweka huko ni mimi.

Kama mjuavyo, kando ya tangi la kunawia mikono kunaning'inia kitabu cha maoni ya wateja. Kila Jumatatu Mzee Aron hukisoma kwa sauti mbele yetu sote, na aliyetajwa husimama, awe amesifiwa au amelaumiwa. Aprili 2019 nilikuwa na mwezi mmoja tu hapa, bado niko kwenye majaribio. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nguo hazikauki, na asubuhi moja aproni yangu ilikuwa bado mbichi. Jentrix alikuwa ametoka zamu ya usiku na kwenda nyumbani. Nikachukua yake kwenye msumari. Kifuani ilikuwa imeshonwa jina lake kamili kwa uzi mwekundu, kama ilivyo kwa aproni zetu zote.

Saa moja kasoro ukafika msafara uliokuwa ukipeleka maiti nyumbani upande wa ziwa. Kila mhudumu wa hapa hufundishwa siku ya kwanza: wafiwa wakiingia, redio inazimwa, na chai inawafikia kabla hawajaagiza. Desturi hiyo aliianzisha Jentrix mwenyewe, tangu aliposafirisha maiti ya Jackton kwa barabara hii hii. Mimi redio sikuizima. Bwana mmoja, Ooko, aliomba maji moto ya thamosi kwa ajili ya shangazi yake aliyebaki garini. Nilikuwa na meza saba na hasira zangu. Nikamwambia, "Hii ni hoteli, si hospitali. Kama hununui chai, songa wengine wapite."

Alisoma kifua changu, akaenda kwenye kitabu.

Jumatatu Mzee Aron akasoma: "Tumebeba mama yetu, tukanyimwa maji moto. Aliyetunyima ameandikwa Jentrix Adoyo. Na ni mtu wa kwetu." Jentrix alisimama. Aliitazama aproni yake, akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Kama jina ni yangu, basi makosa ni yangu. Mniombee msamaha kwa hao watu."

Mzee Aron alimhamishia nyuma, akaosha vyombo miaka minne. Hilo ndilo lililokuwa dogo. Habari zilitangulia kufika kwao, na kanisani, matangani, hadi kwenye chama cha akina mama, akawa yule aliyewanyima wafiwa wa kwao maji. Alipokwenda kumzika dada yake, hakuna aliyekubali kupokea kikombe mkononi mwake. Haya alinisimulia mwenyewe tukimenya viazi, bila neno la lawama. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. "Wewe wangekufuta kazi siku hiyo hiyo, na mtoto alikuwa ananyonya," alisema. "Mimi watu wananijua."

Lakini hawakumjua tena, na mimi nililijua hilo, nikanyamaza. Nilithibitishwa kazini. Nilijifunza kugusa kikombe kwa mgongo wa mkono, wateja wakaniandika vizuri kitabuni, nikawa nasimama Jumatatu baada ya Jumatatu kupigiwa makofi. Mwaka wa 2023 Jentrix alirudishwa mbele, kwa kuwa Turungi Mbili na wenzake hawakuacha kumuulizia, na ikatangazwa kwamba amesamehewa. Hapo pia nilipiga makofi. Naona haya kuandika hilo kuliko yote mengine.

Wiki iliyopita niliutafuta ukurasa ule. Namba ya simu ya Ooko bado inasomeka. Nilimpigia nikamweleza yote, naye akauliza, "Huyo mama bado ako?" Nikamwambia yupo. Anakuja Ijumaa pamoja na shangazi yake, na ameahidi kwamba kule kwao ataueleza ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Mzee Aron naye nimemwambia. Atakaloamua juu yangu nitalipokea.

Mama Jentrix, asante kwa miaka ishirini na minane, kwa kila kikombe ulichokirudisha jikoni, na kwa mwanangu, ambaye sasa yuko darasa la kwanza. Sote hapa Mapambazuko tunakuombea mapumziko yenye afya, mvua ya kutosha shambani kwako, na chai ya kuletewa na mtu mwingine, tena ikiwa moto.

Ijumaa, kabla keki haijakatwa, Mzee Aron atausoma ukurasa ule kwa mara nyingine, na jina lako litatajwa. Usisimame, Mama. Kaa na chai yako. Nitasimama mimi.