Kwa Nini Jumapili na Si Sabato

Alhamisi kabla ya adhuhuri, soko la Yerusalemu halina nafasi ya kupitisha hata paka, kila mtu anakimbizana na Sabato. Wasiokimbia ni wazee wa benchi la Mazal. Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa kibanda chake cha kahawa, kwenye kona ambapo muuza samaki humwaga maji yake, na anayetaka kupita na mikoba yake lazima awaombe wavute miguu. Huvuta, lakini si bure. Kwanza wajue anatoka wapi, anakwenda wapi na nani anaumwa nyumbani kwake. Yupo Obadia, aitwaye Redio, ambaye habari haijawahi kulala kwake. Yupo Sasson, aliyeendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu, akaitwa Daktari kwa utani na sasa anaitika bila kucheka. Yupo Gershon, Hakimu, aliyefanya kazi ya kuita majina ya mashahidi mahakamani, sheria zikamwingia kwa masikio. Na yupo Rahamim, fundi viatu mstaafu, ambaye siku hiyo alichelewa kufika, akakaa mwisho wa benchi na kuiacha kahawa yake ipoe. Wenzake walitazamana.

– Nimesikia ni Jumapili, alisema Redio.

– Nini Jumapili?

– Tohara ya mjukuu wako, nini tena? Muuza samaki anajua. Mazal anajua. Sisi tunaobanana na wewe hapa kila siku ndio tunaambiwa na muuza samaki.

– Basi mmeshaambiwa. Ni Jumapili.

– Na mtoto kazaliwa lini?

– Unajua kazaliwa lini, Obadia. Sabato mchana, watu wakiwa mezani. Mkwe wangu alitembea kwa miguu kutoka hospitali mpaka kwangu kuleta habari, na wewe ulikuwa wa kwanza kuja kula karanga zangu.

Redio hakukana karanga. Aligeuka kumtazama Hakimu, na Hakimu akaweka kikombe chini taratibu, kama alivyofanya siku zote alipotaka kusikilizwa.

– Aliyezaliwa Sabato hutahiriwa Sabato, alisema Hakimu. Siku ya nane ni siku ya nane. Moto hatuwashi, mzigo hatubebi, lakini ngariba anafanya kazi yake. Mtoto wa shule anajua hilo.

– Labda alizaliwa kwa kupasuliwa, alisema Daktari. Wa kupasuliwa husogezwa.

– Hakupasuliwa, alisema Rahamim.

– Au ana manjano. Nimebeba watoto wa manjano mimi, wengine rangi ya limau.

– Mwenye manjano anasubiri mpaka apone, alisema Hakimu. Hujui atapona lini, kwa hiyo hupangi siku. Hawa wamepanga siku, na wameshaagiza keki.

– Basi labda alizaliwa jua linazama, haijulikani ni leo au kesho.

– Amekwambia watu walikuwa mezani. Wewe unakula chakula cha mchana jua likizama?

Wakanyamaza kidogo. Rahamim alijua ukimya wa namna hiyo. Alikuwa ameushiriki mara nyingi, juu ya binti wa fulani na duka la fulani, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa pili wake.

– Mimi sisemi kitu, alisema Redio.

– Basi usiseme.

– Nasema tu hivi. Binti yako ameolewa miaka mingapi bila mtoto? Halafu ghafla mtoto. Halafu tarehe zinaanza kuyumba. Mkwe wako si alikuwa jeshini mwaka jana, kule kaskazini? Mimi sihesabu. Nasema tu kwamba watu watahesabu.

Ilanit alikuwa kitindamimba wake. Alikuwa amemwona akilia miaka yote hiyo jikoni, akijifanya ni kitunguu. Na sasa huyu, na ganda la alizeti mdomoni, anahesabu. Ilanit alikuwa amemwomba asimwambie mtu sababu mpaka Jumapili ipite, kwa kuogopa macho ya watu, na Rahamim alikuwa amekubali. Lakini hasira ilitangulia.

– Mtoto kazaliwa ameshatahiriwa, alisema. Mmeridhika?

Mazal, ndani ya kibanda, aliacha kukoroga.

– Kazaliwaje? aliuliza Redio.

– Kazaliwa hana govi. Ndivyo alivyotoka tumboni. Ngariba amemtazama jana. Hakuna cha kukata. Anachomwa kidogo, linatoka tone moja la damu, basi. Na tone hilo halitolewi Sabato. Ndiyo maana ni Jumapili.

– Musa, alisema Redio kwa sauti ya chini. Wanasema Musa alizaliwa hivyo.

– Musa alizaliwa Misri, alisema Daktari. Huyu kazaliwa ghorofa ya tatu ya hospitali, na ghorofa ya tatu naijua.

– Sheria yenyewe ni ya kweli, alisema Hakimu, na Rahamim akashusha pumzi mapema mno. Ni ya kweli kabisa. Aliyezaliwa hivyo, wenye elimu wanahofia labda lipo govi limejificha, jembamba, limegandamana na nyama. Kwa hiyo linatolewa tone. Lakini ni kwa ajili ya shaka tu, na shaka haina nguvu ya kuivunja Sabato. Jumapili ni sawasawa.

– Basi yameisha, alisema Rahamim.

– Hayajaisha. Nisikilize, ndugu yangu, nakwambia kwa sababu nakupenda. Kuna mtoto mwingine anayetolewa tone kama hilo. Yule aliyekatwa kabla ya siku yake, au aliyekatwa na mtu asiyestahili. Yaani daktari akipitisha mkasi siku ya pili, kimyakimya, huyo naye ngariba atamtoa tone. Tone lilelile. Ukiwaweka hao wawili kitandani, huwezi kuwatofautisha.

– Sijaelewa.

– Umeelewa. Kazaliwa hivyo, au katengenezwa hivyo?

Hapo benchi lilichangamka. Daktari alijisogeza mbele mpaka kahawa ikamwagika gotini.

– Mkwe wako, yule Eliav, si ndiye asiyeweza kuona damu? Kwenye harusi yake alivunja glasi ya ada, akajikata kidole, akaanguka. Nilimpepea mimi mwenyewe.

– Alikuwa amefunga kutwa, kama bwana harusi yeyote, alisema Rahamim.

– Sawa, alikuwa amefunga. Na nyama je? Hali nyama, hali samaki, yai analitazama kwa huruma. Mtu wa hivyo atasimama mbele ya ngariba mwanawe akilia? Atatafuta njia. Anamfuata daktari mmoja koridoni. Daktari, nisaidie, asubuhi na mapema, nyanya na babu hawajafika. Kisha wanatoka wanasema, jamani, muujiza.

– Na kidonda? aliuliza Rahamim. Ngariba hajui kidonda?

– Siku hizi wana mashine ya mwanga. Haiachi hata kovu.

– Umeiona?

– Nimeibeba.

Redio hakutaka kubaki nyuma. Aliinama, akashusha sauti, ingawa kila anayepita angeweza kumsikia.

– Mimi nasema si mkasi. Ni mtoto mwenyewe. Ghorofa ya tatu wamejaa Wamarekani, wanakuja kuzalia huku. Na kwao Amerika, mtoto anakatwa hospitalini kabla hajafungua macho, awe Myahudi asiwe, ni kama kumkata kucha. Muuguzi kachoka, usiku, vitanda viwili. Mnanielewa? Saa hizi kuna Mmarekani anarudi kwao na mjukuu wa Rahamim, anashangaa mbona huyu wangu hajakatwa.

– Nimemwona mtoto, alisema Rahamim. Ana pua yangu, masikini.

– Watoto wote wana pua yako. Ni baadaye ndio inapona.

Daktari alicheka. Rahamim hakucheka. Jambo baya ni kwamba maneno yalikuwa yameanza kufanya kazi ndani yake. Alikumbuka jinsi Eliav alivyokwepa macho yake alipokuwa akieleza. Alikumbuka kwamba Ilanit hakumwacha amfungue mtoto nguo. Alisema kuna baridi, na hakukuwa na baridi. Jumapili yeye ndiye atakayempakata mtoto mbele ya sinagogi nzima, amekaa kwenye kiti cha heshima, mtoto kwenye mto juu ya mapaja yake. Heshima hiyo alikuwa ameingoja tangu Ilanit aolewe, na mwisho alikuwa amekata tamaa ya kuipata.

Hakimu alikuwa akimtazama.

– Ningekuwa wewe nisingempakata, alisema. Sisemi wamedanganya. Nasema hujui. Utakaa pale, rabi atasoma baraka, na kama ni changa la macho, wewe ndiye utakuwa umeshikilia. Waambie wakuonyeshe kwanza. Waambie daktari aje aseme mbele ya watu. Mpaka hapo, umwa mgongo.

– Mgongo ni mzuri, alisema Daktari. Mgongo hakuna anayeuona.

Rahamim alitoa simu mfukoni. Alitafuta jina la binti yake, akaliona, kidole kikabaki hewani. Alijua akisema neno moja tu la mgongo Ilanit ataelewa yote, hataomba ufafanuzi, atasema sawa baba, na kuanzia siku hiyo ataendelea kumwita baba kwa midomo tu.

– Piga, alisema Redio. Au nikupigie?

– Samahani, mnaweza kuvuta miguu?

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, kilemba kimemlegea kwa jasho, amekumbatia sufuria kubwa iliyofungwa kwa taulo. Rahamim alisimama haraka, simu mkononi. Alikuwa Zohara, mama yake Eliav, ametoka Dimona kwa basi.

– Mkwe, alisema Zohara. Walinambia nikikukosa nyumbani nikutafute penye kelele. Ni samaki wa pilipili, wa Sabato. Acha nikae, mikono imekufa.

Walimpa nafasi. Mazal akamletea maji. Alikunywa yote, akajifuta mdomo, akawatazama mmoja mmoja, na ikawa wazi kwamba alikuwa amesimama nyuma yao kwa muda.

– Ni yupi kati yenu aliyempeleka mjukuu wangu Amerika?

Redio alimtazama muuza samaki.

– Tulikuwa tunazungumza sheria tu, mama, alisema Hakimu. Mtu anataka kuwa na hakika. Mtoto huyu maisha yake yote ataulizwa, nani alikutahiri, siku gani, mbele ya nani. Si haki ajue la kujibu?

– Ni haki, alisema Zohara. Wewe alikutahiri nani?

– Mimi?

– Wewe.

– Ngariba.

– Nani?

Hakimu alijua jina la kila jaji ambaye yeye aliwahi kumfungulia mlango. – Ngariba wa mtaani kwetu, alisema. Mtu maarufu sana.

– Siku ya nane, au ya tisa? Ulikuwa na manjano?

– Sikuwa na manjano.

– Unakumbuka?

Daktari alicheka, Zohara akamgeukia, Daktari akaacha kucheka. Hakuwa na jina yeye pia. Redio alisema kwao walikuwa wanaume sita na labda lipo jina moja, lakini hana hakika kama ni la ngariba wake au la kaka yake. Kisha akasema nani angejua, alikuwa na siku nane.

– Na wewe, mkwe? aliuliza Zohara.

Rahamim alizaliwa kwenye mahema ya wahamiaji, mwaka ule wazazi wake waliposhushwa kutoka Kurdistani bila kitu ila godoro. Hadithi aliijua vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na ngariba alifika matope yamemfika magotini, mama yake akashikilia kamba ya hema isiondoke na upepo mpaka kazi ikaisha. Aliisimulia vile alivyosimuliwa.

– Baba yako alikuwepo?

– Alikuwa kazini, barabarani. Kazi ilikuwa ya kugombania.

– Majirani?

– Wapo walioshuhudia. Wamekufa wote.

– Kwa hiyo ni mama yako tu aliyekwambia.

– Mama yangu hakuwa mtu wa kusema uongo, alisema Rahamim, na sauti yake ilikuwa na ukali ambao hakuutarajia.

– Sikusema alikuwa, alisema Zohara. Nilikuwa nauliza. Na Ilanit je, ni mtu wa kusema uongo?

Hakimu aliokota kikombe chake, akakuta kimebaki machicha. Hakuna aliyemwambia Rahamim apige simu wala asipige. Rahamim aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumchoma masikio, na hakutafuta pa kuificha. Alibonyeza jina la binti yake mbele yao wote.

– Ilanit, ni baba. Jumapili nije saa ngapi?

Upande wa pili mtoto alisikika akilalamika karibu na simu, kisha akapata alichokuwa anatafuta akanyamaza.

– Mapema, baba, alisema Ilanit. Njoo mapema, umpakate kabla watu hawajafika.