Festus Gaughan na Chumba cha Upande wa Magharibi

Padri wetu, majirani wa Barnahesk, nanyi mliovuka bahari kuja kumzika, familia imenituma mimi Malachy, mtoto wa kwanza wa marehemu, nisome maisha yake, na mkiona pana mapengo msinilaumu, kwani mwenyewe hakuwahi kukaa kitini muda wa kutosha akayasimulia.

Marehemu Festus Gaughan alizaliwa tarehe 4 Novemba 1938 hapa Barnahesk, jimbo la Mayo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Austin Gaughan na mama Honor, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo chini ya kilima, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kutembea kabla ya kujua kukaa.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1944, akienda kila asubuhi na pande lake la udongo mkavu wa kinamasi, ambao huku huwaka kama kuni, kwapani kwa ajili ya moto wa darasani, kama walivyofanya wote, na mwalimu alimpa nafasi karibu na mlango kwa sababu, alivyosema, huyu atatoka tu, basi atoke bila kukanyaga wenzake. Alitoka kweli, mwezi Juni 1952, akafuatana na kundi la vijana kwenda kuchimba viazi Uskoti, na tangu hapo kila mwaka aliondoka Juni na kurudi mwishoni mwa Novemba, baadaye akafanya kazi za barabara na mahandaki Uingereza, akawa mtu asiyeota mizizi popote, akiwa ng'ambo analilia nyumbani, akiwa nyumbani anatazama barabara.

Tarehe 17 Februari 1966 alifunga ndoa na Una Lavelle katika kanisa hilihili, na Mungu akawajalia watoto wanne, Malachy mwaka 1967, Sabina 1969, Colman 1971 na Attracta 1973.

Ilikuwa Machi 1973, Una akiwa na mimba ya Attracta na nyumba imejaa, ndipo marehemu alipoamua kuongeza chumba, na kwa kuwa mashariki ni mwamba na mbele ni barabara, ilibaki magharibi tu, upande ambao wazee wetu hawajengi, maana ndiyo njia ya wale wenyewe wa kilimani, wasio binadamu, ambao hata leo sitawataja kwa jina. Bibi Honor alimsihi aweke kwanza mawe manne kwenye pembe nne za kiwanja yalale pale usiku mmoja, kama ilivyo desturi, akayaweka, na asubuhi yake jiwe moja likakutwa limeanguka, dalili kwamba hapafai kujengwa. Marehemu alisema ni kondoo. Bibi alimwuliza ni kondoo wa nani, kwa kuwa wa kwao walikuwa wamefungiwa, akajibu kwamba hakuja nyumbani kufanya upelelezi wa kondoo, akachukua koleo akaanza msingi. Majirani, ambao kwa kila nyumba iliyojengwa hapa walikuja kwa kundi bila kuitwa, safari hiyo hawakuja, mmoja akapita akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye akanyanyua miguu yote miwili kumwonyesha kuwa ni mizima, akamaliza chumba peke yake.

Sisi wote wanne tulilala humo, na sisi wote wanne tuliondoka, mimi nikaenda Boston mwaka 1986, Sabina London, Colman Perth, na Attracta akaenda Leeds kusomea uuguzi mwaka 1992. Kijiji kilitoa hukumu yake, kwamba anayelala njiani huamka akiwa safarini. Marehemu, ambaye tangu 1975 alikuwa ameacha kazi za ng'ambo ili atulie na watoto, hakutulia, na alipotoka kumsindikiza Attracta kwenye basi alipitia bandani akachukua nyundo kwenda kukibomoa chumba kile. Una alisimama mbele yake akamwambia, "Ukikibomoa, wakirudi watalala wapi?" Aliiweka nyundo chini, lakini kila Krismasi alipaka chumba kile rangi upya, na kila Januari alitembea ufukweni mpaka miguu ikavimba.

Una alifariki tarehe 3 Oktoba 2009. Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2013, vumbi la mahandaki, walisema madaktari, na mwaka uliofuata Attracta aliomba likizo isiyo na malipo akaja kumwuguza. Mwezi uliopita marehemu aliomba ahamishiwe chumba cha magharibi, Attracta akasita, naye akamwambia, "Kama ni njia yao, wanikute mimi, wawaache ninyi." Kisha akamwuliza lile alilokuwa ameshindwa kutuuliza miaka yote, kama mzazi anavyomwogopa mtoto wake, akasema, "Binti yangu, wewe utakaa?" Attracta hakutaka kumdanganya mtu anayekufa, akasema hajui. Marehemu alilala humo siku zilizobaki, bila kuinuka, na Ijumaa tarehe 12 Februari 2016, saa nne asubuhi, alikata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa zamani wa Uskoti waliokuja na fimbo zao, na majirani waliochimba kaburi jana kwenye mvua, kwa kundi, bila kuitwa na mtu. Mmeuliza nyumba itakuwaje. Alhamisi mimi, Sabina na Colman tunapanda ndege, na Attracta jana usiku alilala chumba cha magharibi, lakini hajafungua begi lake wala hajalifunga, na hatujathubutu kumwuliza.

Baba, pumzika kwa amani, sisi bado hatujaweza.