Bangili Ndani ya Mkoba wa Sanda

Wasikilizaji wapendwa, vikombe vya chai viwekeni chini kwanza. Leo tunamkumbuka Bi Time Vuai wa hapa Lanham, huku kwetu ughaibuni. Bi Time, mzaliwa wa Unguja, aliyewaosha marehemu wetu wa kike kwa miaka kumi na miwili. Amefariki Jumanne, tukamzika Jumatano.

Mliomjua najua mnatabasamu. Koti la mvua la kiume juu ya buibui, jua liwake, mvua inyeshe. Mfukoni kitabu, na si kitabu cha dua, jamani! Zilikuwa riwaya za upelelezi za Kiingereza, zile za zamani, ambamo bibi mmoja wa kijijini, si polisi wala nani, humnasa muuaji huku anakunywa chai. Alizisoma kwenye basi akienda kufua mashuka ya hoteli kule Shaw. Kabla ya sura ya mwisho, huandika jina la mhalifu kwenye kikaratasi, akakikunja na kukichomeka kitabuni. "Nimekosea mara mbili tu," alijigamba, "na mara zote mbili aliyekosea ni mwandishi."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 2004, wakati wa theluji, alifariki mama yake Ummu, binti wa hapa hapa kwetu. Bi Time ndiye aliyemwosha. Baada ya maziko, bangili ya dhahabu ya marehemu haikuonekana. Ilitafutwa nyumba nzima, haikuonekana.

Siku ya arobaini, khitma ilipokwisha, Bi Time alisimama katikati ya sebule. Katika vitabu vyake, bibi huwakusanya watu sebuleni na kumtaja mwizi. Naye akamtaja. Akamtaja Vaileth, binti wa Iringa, mwimbaji wa kwaya, aliyemuuguza marehemu miaka mitatu.

Vaileth alikuwa na kikombe mkononi. Alisema, "Bi Time, mimi? Mimi niliyemlisha kwa mkono huu?" Akaweka kikombe, akavaa koti, akatoka kwenye theluji. Tangu siku ile hatujamwona.

Miaka miwili ikapita. Halafu Bi Time akaanza kumtafuta Vaileth. Kila Jumapili alisimama nje ya makanisa ya Watanzania, Bladensburg hadi Lanham, na buibui lake na koti lake, akizitazama nyuso za wanakwaya wanapotoka. Tulimtania, "Bi Time, bado unamfukuza mwizi?"

"Bado namtafuta," alijibu. Wala hakucheka. Alikonda. Vitabu aliacha kuvisoma.

Waswahili tunasema, mwosha huoshwa. Jumatano ilikuwa zamu yake. Ummu na wenzake wakaufungua mkoba wake wa sanda. Huo mkoba, wasikilizaji, una pamba, kafuri na vitambaa vinavyobaki. Hakuna anayeufungua mpaka pawe na msiba. Nyumba nzima ilipekuliwa mwaka ule, lakini mkoba wa sanda nani angeugusa?

Ummu ameniambia hivi: "Auntie, nilivuta pamba, kitu kikanidondokea mguuni. Bangili ya mama! Nili-freeze. Halafu nikaona kikaratasi, kimekunjwa vile vile alivyokuwa akikunja."

Ninacho hapa. Nakisoma kama kilivyo.

"Mwizi ni Time Vuai. Niliivua mwenyewe, wenzangu wakiwa wanachota maji. Niliifunga kwenye pamba isipotee, nikasahau. Nimeikuta 2006, tulipofungua mkoba kwa msiba mwingine. Nimeona haya kusema nikiwa hai. Mtafuteni Vaileth. Bangili apewe yeye, Ummu akiridhia. Mimi msinisamehe ninyi. Anisamehe yeye."

Ummu ameridhia.

Makaburini sheikh aliuliza kama kuna mwenye kinyongo na marehemu. Sote tuligeuka kutazama barabarani, kana kwamba kuna mtu angeteremka kwenye gari.

Kwa Ummu, ambaye Bi Time alikuwa kwake mama wa pili, na kwa jamaa wote wa Unguja, poleni sana. Mola amrehemu. Nawe unayesikiliza, jiulize leo: ni nani uliyemwacha atoke peke yake?

Mimi najua wangu. Siku ile sebuleni, niliyekaa ubavuni kwa Vaileth nilikuwa mimi. Bi Time alipolitaja jina, nilinyoosha mkono nikauvuta mkoba wangu karibu. Vaileth aliuona mkono wangu. Ndipo alipoweka kikombe.

Vaileth, popote ulipo, bangili iko hapa mezani, mbele ya kipaza sauti. Naigonga mara mbili. Umeisikia? Ni yako. Njoo uichukue, na mkoba wangu utaukuta wazi.