Darasa la Nyuma ya Ukuta

Benchi la gereji ya Valeriani ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za Landkruza, kando ya lami inayotoka Karatu mjini kupanda kwenda lango la Ngorongoro. Hyasinta huweka jiko lake la mkaa upande wa kivuli, birika juu, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye sinia. Wenye benchi ni watatu. Valeriani mwenyewe, fundi, anaitwa Difu, kwa kuwa gari lolote likiletwa, hata lililopasuka kioo, yeye huanza kulaumu difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Naftali, karani mstaafu wa kata na mwalimu wa kwaya, anaitwa Hansadi, kama kumbukumbu za Bunge, kwa kuwa hukumbuka kila neno lililosemwa hapo pamoja na tarehe yake. Lembris, dereva wa watalii, anaitwa Kreta, kwa kuwa hamalizi sentensi tatu bila kushuka kreta, bonde la Ngorongoro, kwa simba wake. Wa nne huja Jumamosi tu: Modest, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye bado hawajampa jina. Alifiwa na mkewe miezi minane iliyopita, na mtu wa namna hiyo hupewa muda kwanza.

Jumamosi hiyo alifika saa saba kasorobo, akakaa mwisho wa benchi, akaomba kahawa. Difu aliutazama mkono uliopokea kikombe.

— Mwalimu, leo utasema, — alianza Difu. — Hizo kucha.

Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimefugwa na kusuguliwa zikang'aa. Za kushoto zilikatwa hadi nyamani.

— Mimi nilisema ni nadhiri, — alisema Hansadi. — Ilikuwa tarehe tatu. Kreta akasema mwalimu anachimba tanzanaiti kwa siri, kwa mkono mmoja.

— Nilisema labda, — alijitetea Kreta.

— Na ule msasa ulioniomba, mwalimu, namba elfu mbili? Mimi ule nasugulia rangi ya gari, — alisema Difu.

— Nasugulia hizi, — alisema Modest. — Gitaa la Antonia halipigwi kwa kipande cha plastiki kama yale ya bendi. Nyuzi zake ni za nailoni, zinataka kucha na nyama ya kidole kwa pamoja. Nimejifunza miezi mitano.

Hakuna aliyecheka. Antonia, mkewe marehemu, walimjua wote. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na moja, alifundisha gitaa la klasiki kwenye ukumbi mdogo wa parokia, kidole kwa kidole, kwa noti. Tangu azikwe, ukumbi ulikuwa umefungwa.

— Paroko amesemaje? — aliuliza Hansadi.

— Amekuwa mvumilivu. Leo saa kumi atapita. Akikuta darasa, magitaa sita yanabaki. Asipolikuta, yanakwenda parokia nyingine yenye mwalimu.

— Basi lipo. Si ulisema Goodness, Adrian na Angela wanakuja?

— Hao ni wa Antonia. Paroko anasema wakiwa wale wale tu, hilo ni kumbukumbu, si darasa. Anataka amwone mwanafunzi mpya akianza.

— Unaye?

— Sina. Lakini saa nane nitafungua mlango.

Alilisema hilo kama alivyokuwa akisoma jibu la hesabu ubaoni: bila kulipandisha wala kulishusha. Hyasinta alimwongezea kahawa bila kuombwa.

— Samahani, mwalimu, — alisema Difu, — lakini gitaa lenyewe unalijua?

— Napiga kipande kimoja. Antonia alikimaliza kwa dakika mbili. Mimi dakika nne na nusu.

— Sasa utamfundisha mtu vipi?

Modest akafungua mdomo ajibu, lakini benchi halikuwahi kumsubiri mwenye jambo lake.

— Ngoja nikuambie mimi, — aliendelea Difu. — Spana boi wangu, yule anayejifunza ufundi, simruhusu kuendesha gari mpaka ameifungua injini na kuirudisha. Gitaa ni hivyo hivyo. Mpe alifungue, aone ndani.

— Ndani hamna kitu, — alisema Kreta. — Ni tupu.

— Ndiyo ajue kwamba ni tupu. Halafu nyuzi sita ni nyingi kwa mtu mmoja. Wagawie. Watu sita, gitaa moja, kila mtu na uzi wake mwaka mzima, kisha wanabadilishana. Mwaka wa saba wanakaa pamoja, wanapiga.

— Mwaka wa saba mmoja amehamia Dodoma, — alisema Hansadi.

— Anapiga kwa simu.

Hansadi alikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kuinua kwaya.

— Mnaanzia mkononi wakati muziki unaanzia kooni. Miaka miwili hakuna kugusa gitaa. Do, re, mi, asubuhi na jioni. Halafu mtihani. Halafu kamati.

— Kamati ya nini tena?

— Ya kuthibitisha nani aguse. Na muhtasari uandikwe.

— Hansadi, hao watazeeka wako kwenye re, — alisema Difu.

— Hapo mzee amegusa jambo, — alisema Modest. — Antonia naye aliwaimbisha kabla ya kupiga. Ila ilikuwa dakika tano, si miaka miwili.

Hansadi alijinyoosha mgongo. Dakika tano zilimtosha kabisa kujihesabu mshindi.

— Nyie wote mnakwama, arifu, — alisema Kreta. — Kwetu Endulen hakuna anayesoma ng'ombe kwenye karatasi. Baba yangu ana ng'ombe mia na arobaini, anawajua kwa rangi na kwa mlio. Mpe kila noti ng'ombe wake. Huyu mwekundu mwenye paji jeupe, huyu wa kijivu. Noti ikikosekana, unajua nani hajarudi bomani.

— Na mtu wa kijijini Daa, anayelima mbaazi, hana ng'ombe? — aliuliza Difu.

— Huyo ahesabu matuta. Sikiliza, sijamaliza. Simba wa kreta hashtushwi na magari kwa nini? Amezaliwa anayaona. Wapeleke wanafunzi ukingoni mwa kreta siku ya kwanza, wapige mbele ya wageni sitini, hata hawajui kitu. Wakirudi hawaogopi tena.

— Na wageni? — aliuliza Hyasinta. — Hao nao watarudi?

Difu alicheka mpaka kashata ikamkaba. Modest alingoja wamalize. Alikuwa na dakika arobaini kabla ya saa nane, na alitaka kuisikia njia yake ikisemwa mbele ya watu kabla ya kuitumia.

— Mimi nitafundisha nikiwa nyuma ya ukuta, — alisema.

Difu alirudisha kashata kwenye sinia.

— Miaka yote hiyo nilikaa stoo ya ukumbi, kule kwenye vitabu vya nyimbo. Nasahihisha madaftari, namsubiri tutembee kwenda nyumbani. Ukuta ni wa mbao. Wanafunzi sikuwaona. Nilimsikia mtu akikosea, halafu nikamsikia Antonia akimwambia la kufanya. Uzi ukilia kama nzi, kidole kiko mbali na kile kichuma cha shingoni. Sauti ikikauka, kiganja kimelala. Noti zikikimbizana, bega limepanda. Nayajua yote hayo, lakini kwa sikio. Nikiitazama mikono nachanganyikiwa.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo wao watakaa wawili wawili, wakitazamana. Mmoja anapiga, mwenzake anatazama. Mimi niko stoo. Nikisikia kosa, nagonga ukuta mara moja. Yule anayetazama anasema ameona nini. Akishindwa, nasema mimi.

Hakuwaambia kwamba alishajaribu kukaa ukumbini penyewe, mara mbili, na mara zote mbili aliondoka baada ya dakika chache.

— Yaani daktari anampima mgonjwa kupitia dirishani, — alisema Difu. — Dirisha lenyewe limefungwa.

— Anayekosea anasahihishwa na mwenzake, — alisema Hansadi taratibu, akiipima. — Mimi kwenye besi huwa nafanya hivyo. Bila ukuta, lakini.

— Tumjaribu, — alisema Kreta. — Mwalimu, geukia barabarani. Hyasinta, gonga vikombe.

Modest aligeuka. Mbele yake lilipita gari la watalii, jekundu kwa vumbi hadi kwenye vioo. Nyuma yake Hyasinta aligonganisha vikombe viwili viwili, kama wauza kahawa wanavyofanya kuita wateja. Jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

— Rudia ya tatu, — alisema Modest. Hyasinta akarudia. — Kimoja kina ufa.

Hyasinta alivipeleka juani. Kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutoka mdomoni hadi kwenye kitako.

— Mungu wangu. Hiki ndicho ninachompa Difu kila siku.

— Ndiyo maana mawazo yanavuja, — alisema Kreta.

Difu alikigeuza kile kikombe mkononi, akakirudisha kwa Hyasinta kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote aliyeleta gari akiwa ameshaugundua ugonjwa wake.

— Basi kagonge ukuta wako, mwalimu. Mimi nimenyamaza.

Modest alikuwa ameshasimama wakati mwanamke mmoja aliposhuka kwenye daladala ya Noah upande wa pili wa barabara. Alivuka akiwa amevaa sweta la loji, mkoba begani, umri kama miaka thelathini.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Kreta alimsalimia kwa Kimaa, naye akaitikia, akasema ni Seenoi, wa Soitsambu, ila anafanya kazi kwenye loji ya ukingoni.

— Naulizia ukumbi mdogo wa parokia. Goodness, tunafanya naye kazi mapokezi, ameniambia nikipotea niulize benchi la gereji.

— Unakwenda kwa nani huko? — aliuliza Hansadi.

— Darasa la gitaa. Kuna mgeni alikaa kwetu siku tatu, kila jioni anapiga sebuleni, kimya kimya, kwa vidole. Mimi nikawa nasahau hata kuwapa watu funguo zao. Goodness akasema kuna darasa. Mwalimu wa kwanza amefariki, akasema, ila yupo wa sasa. Nimeomba ruhusa ya Jumamosi zote za mwezi huu na ujao.

Wote watatu walimtazama Modest. Modest alimtazama Seenoi, halafu saa yake. Saa saba na dakika ishirini na tano.

— Mwalimu wa sasa ni mimi, — alisema. — Karibu.

Hyasinta alimnyooshea mgeni kikombe, kizima. Seenoi alikipokea kwa mkono wa kushoto.

— Binti, — alisema Hansadi kwa upole, — mkono wa kulia.

— Nisamehe, baba. Ndio huu ninaoujua. Bibi aliufunga kwa kitambaa mwaka mzima nikiwa mdogo, na bado sikuhamia wa kulia. — Alikunywa kidogo. — Hilo hasa ndilo nilitaka kuuliza, nisije nikaaibika mbele ya wenzangu. Gitaa nitalishikaje? Mkono upi unakaa shingoni na upi unapiga?

— Nyuzi unazigeuza, — alianza Difu. — Uzi mnene unakuja huku chini. — Akasita, vidole vikiwa hewani. — Ila ile mifereji pale juu imekatwa kwa unene wa kila uzi. Hautaingia.

— Alishike tu kama wengine, — alisema Hansadi.

— Wangu wa kulia, baba, hata komeo haufungui vizuri.

Kreta alitazama upande wa mlima, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mnyama wa kuleta. Wakabaki wanamtazama Modest.

Modest alisikiliza. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwa kila kosa lake mwenyewe miezi mitano yote: kupiga, kukosea, kutulia, mpaka sauti ya Antonia, kutoka upande wa pili wa mbao, imwambie ashushe bega. Aliwapitia wanafunzi wa Antonia, mmoja baada ya mwingine, wote thelathini na wanane. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hivyo. Hakuwa amesahau jibu. Sentensi yenyewe haikuwahi kusemwa, na aliyeweza kuisema hayupo.

— Sijui, — alisema.

— Mama Antonia angesemaje? — aliuliza Hansadi kwa sauti ya chini.

— Sijui. Naye hakuwahi kuulizwa.

Aliweka kikombe chini kwenye sinia.

— Tutafanya hivi, — alimwambia Seenoi. — Leo utalishika kama wenzako, nusu saa. Halafu kinyume, nusu saa. Difu, saa tisa njoo na tupa yako nyembamba kuliko zote, gitaa moja tutalichonga mifereji upya.

— Sijawahi kuchonga gitaa, mwalimu.

— Najua. — Akamgeukia tena Seenoi. — Kila Jumamosi utaniambia mkono upi umechoka na upi umeanza kuelewa. Nitaandika. Zikifika Jumamosi nane tutakuwa na jibu, mimi na wewe.

— Na ukiwa stoo, — aliuliza Kreta, — mikono yake utaionaje?

Modest alifunga kifungo cha koti lake, akakifungua, akakifunga tena.

— Wale watatu nitawasikiliza kupitia ukutani. Huyu nitakaa mbele yake.

Hyasinta aliinamisha birika, yakatoka machicha ya kahawa tu. Difu aliingia gerejini kutafuta tupa. Modest na Seenoi waliifuata njia ya vumbi kuelekea parokiani, mwalimu akienda haraka kuliko alivyozoea, ufunguo wa ukumbi ukiwa tayari mkononi.

— Umefundisha miaka mingapi, mwalimu? — aliuliza Seenoi.

— Hesabu, thelathini na moja. Gitaa, naanza saa nane.