Maswali Yaliyokosa Majibu

FUNDI: Haloo, nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi. Usikate.

FUNDI: Mimi ndiye nani? Namba hii siijui.

DADA: Mimi dada yako. Nimeazima simu ya mfagizi wa hapa ofisini. Salio lake dogo, kwa hiyo nisikilize—

FUNDI: Shikamoo, dada. Mama amefanyaje?

DADA: Marahaba. Mama mzima. Ameamka anagombana na redio.

FUNDI: Sasa mbona umepiga? Tulikubaliana hupigi mpaka kuwe na msiba. Miezi minane hujanipigia, moyo wangu umeshafika miguuni.

DADA: Uko wapi sasa hivi?

FUNDI: Wewe si ndiye uliyesema nisikwambie niko wapi hata ukinibembeleza? Tena ukaniapisha.

DADA: Uko ghorofa ya kwanza, juu ya kinyozi. Karakana ya akina mama wa cherehani. Dirisha lina pazia la kijani.

FUNDI: Nani kakwambia?

DADA: Hakuna mtu aliyeniambia. Nimeuliza kisanduku cha kutafutia. Kile cha kazini kwetu.

FUNDI: Sielewi. Ngoja... Chiriku, weka mkasi chini. Si wa kuchezea huo, mama. Enhe, dada.

DADA: Mtoto yuko hapo? Leo si siku ya shule?

FUNDI: Alikohoa usiku kucha, nikambakisha. Kumekucha, kikohozi hakionekani, ni domo tu. Huyu hata akikutana na ukuta atauamkia na kuuuliza habari za nyumbani.

DADA: Wenzako wako wapi?

FUNDI: Wamekwenda sokoni kuchagua vitambaa. Tuko wawili. Dada, sema jambo lako, usinizungushe.

DADA: Uko peke yako na mtoto.

FUNDI: Ndiyo nimesema. Unanitia hofu.

DADA: (Simu inakwaruza.) —unasikia? Nimesema, kazi yangu unaijua?

FUNDI: Unapanga habari za mji kwenye mtandao. Leseni huku, zahanati kule, shule pale. Mtu akipotea unamwonyesha mlango.

DADA: Hiyo ilikuwa zamani. Mtu alipita mlango kwa mlango, orodha kwa orodha, akichoka anaacha. Kuanzia mwaka huu hakuna milango. Unaandika swali kama unavyomuuliza jirani, kisanduku kinasoma kila karatasi tuliyowahi kuweka, kinaunganisha, kinakupa jibu moja. Watu wanakipenda sana. Hata mimi nilikipenda.

FUNDI: Basi mimi jina langu halimo humo. Leseni ya karakana imeandikwa jina la mwenyekiti wetu. Nilihakikisha kwa macho yangu.

DADA: Jina hakulitafuta.

FUNDI: Nani hakulitafuta?

DADA: Unajua nani.

FUNDI: Dada, usiseme hivyo. Labda ni mtu mwingine.

DADA: Nikuulize kwanza jambo moja. Sketi za shule unazoshona, unaweka kimfuko kwa ndani ya kiuno?

FUNDI: Ndiyo. Kidogo tu, kinaingia ufunguo. Wazazi wanakipenda, watoto hawapotezi vitu. Watu wanatoka mbali kwa ajili ya kile kimfuko. Nani kakwambia na hilo?

DADA: Ulikianzia wapi?

FUNDI: Mbona unauliza hivyo?

DADA: Mdogo wangu.

FUNDI: Nilikianzia kule. Kwake. Ufunguo wa akiba niliuficha kwenye kiuno cha sketi mwezi mzima, ananipekua kila jioni haupati. Siku ile ndiyo nikautumia, nikatoka na mtoto. Sikuwahi kumwambia mtu, hata wewe. Niliona aibu kupekuliwa, mtu mzima mimi.

DADA: Ile sketi uliondoka nayo?

FUNDI: Niliondoka na moja. Nyingine ilikuwa kamba— Niliacha moja kwenye kamba.

DADA: Ameikuta.

FUNDI: Dada.

DADA: Kila Jumatatu naletewa maswali yaliyokosa majibu. Ndiyo kazi yenyewe. Nayasoma, naangalia watu wamekwama wapi, nawachongea njia ili safari nyingine wafike. Yanaletwa yamekamuliwa, unaona maneno makavu tu, humuoni aliyeuliza. Wiki tatu zilizopita kulikuwa na moja limejirudia mara tisa. Fundi, sketi, mfuko, ndani, kiuno. Mara tisa. Nikasema maskini, kuna mama anamtafutia mwanawe sketi hapati.

FUNDI: Ukafanyaje?

DADA: Nikamsaidia. Unasikia? Nilikuta wazazi wameisifu karakana, mmoja anasema mfuko wa siri, mwingine kimfuko, mwingine mfuko wa kiunoni. Kisanduku kilikuwa hakijui kwamba ni kitu kimoja. Nikakifundisha. Nikaziunganisha zile sifa na leseni, leseni na jengo. Mkubwa wangu akanipongeza mbele ya watu, tukapigiwa makofi.

FUNDI: Hukujua, dada.

DADA: Sikujua. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Ni mimi niliyemshika mkono nikamleta. Sijatulia tangu nilipo— (Simu inakwaruza.) —asubuhi hii.

FUNDI: Unakatika. Asubuhi hii nini?

DADA: Asubuhi hii nilifungua mazungumzo mazima, yasiyokamuliwa. Sikuwa na sababu, nilitaka tu kumwona yule mama wa sketi kama alifurahi. Nikakuta jinsi anavyoandika. Kila swali linaanza, "Naomba kujua, kwa heshima na taadhima."

FUNDI: (Kitu kinaanguka.)

DADA: Upo?

FUNDI: Nipo. Ni kibweta cha pini.

DADA: Chumvi mezani alikuwa anaiomba hivyo hivyo.

FUNDI: Hata siku anafunga mlango kwa nje. "Naomba unisamehe, mke wangu, kwa heshima na taadhima." Halafu komeo. Tangu siku hizo mtu akiwa na adabu nyingi natafuta mlango. Ameuliza nini, dada? Nisomee yote.

DADA: Jana ameuliza karakana iko jengo gani. Leo saa mbili, inafunguliwa saa ngapi. Saa tatu kasoro, akina mama wa hapo huwa wapi siku ya kuchagua vitambaa.

FUNDI: Hilo nalo kimejibu?

DADA: Mwenyekiti wenu alibandika tangazo wateja wasije asubuhi ya leo. Kimelisoma.

FUNDI: Na baada ya hapo?

DADA: Saa tatu na nusu. Jengo lina milango mingapi.

FUNDI: Sasa saa ngapi?

DADA: Saa nne kasoro kidogo.

FUNDI: Futa. Si ni kitu chako? Kifute, kizime, kivunje.

DADA: Nimefuta leseni yenu kwenye orodha, lakini hakiangalii orodha. Kilishazisoma karatasi kikazihifadhi, na kinasoma upya alfajiri. Mwenye uwezo wa kukizima ni mkubwa, yuko mkutanoni simu kaizima. Nimetuma mtu akamgongee. Polisi nimewapigia, wamesema wanatuma gari.

FUNDI: Gari lao unalijua.

DADA: Ninalijua. Ndiyo maana nakwambia utoke sasa hivi. Chungulia dirishani, usifungue pazia.

FUNDI: (Hatua zinasikika.) Barabara ina watu wa kawaida. Muuza vocha. Mtu amekaa kwenye pikipiki amenipa mgongo.

DADA: Ni yeye?

FUNDI: Kila mgongo ni mgongo, dada. Nitajuaje? Ana kofia ngumu. Sipiti mbele. Chini kuna mlango wa nyuma, unatokea uani, ukivuka ua uko barabara ya pili. Ila una kufuli. (Mbali na simu.) Chiriku, shuka—

DADA: (Simu inakwaruza.) Umesemaje? Sikusikii.

FUNDI: Si wewe, nasema na mtoto. Nipe dakika nikusanye vyeti. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa... Niliviweka kwenye bati la biskuti, bati liko wapi jamani?

DADA: Acha vyeti.

FUNDI: Siachi. Mara ya kwanza niliacha kila kitu, nikahangaika mwaka mzima kuthibitisha kwamba mtoto niliyemzaa ni wangu. Hili hapa.

DADA: Mkitoka msiende pale mlipolala jana. Wala usimwambie mtu, wala mimi.

FUNDI: Hata wewe umenipata bila kuambiwa. Nikuambie, nisikuambie, kuna tofauti gani?

DADA: Nimekujua ulipo kwa njia ile ile aliyopita yeye. Nilikaa hapa nikauliza anavyouliza, na kila nilipouliza kikaniambia, kwa upole kabisa, kama kinanisaidia. Hakuna karatasi hata moja yenye ubaya. Sifa za wateja, leseni, tangazo la mwenyekiti, ukaguzi wa moto. Kila moja nimeiweka mimi, na kila moja niliiweka kwa nia njema.

FUNDI: Usilie. Utamaliza salio la mfagizi.

DADA: Silii.

FUNDI: Unalia, nakujua tangu utotoni. Unalia kwa pua. Nisikilize. Mimi sina neno na wewe. Kosa ni la anayetafuta.

DADA: Asante, mdogo wangu.

FUNDI: Haya, vyeti ninavyo. Koti la mtoto ninalo. Namsubiri—

DADA: Ngoja. Limeingia lingine.

FUNDI: Lingine nini?

DADA: Swali. Limetokea sasa hivi kwenye kioo changu.

FUNDI: Lisome.

DADA: "Naomba kujua, kwa heshima na taadhima, ufunguo wa mlango wa nyuma hutunzwa na nani."

FUNDI: Kimejibu?

DADA: Kimejibu. Mkaguzi wa moto aliandika kwenye ripoti yake. Unatunzwa na kinyozi, ghorofa ya chini. Na yeye ameshukuru. Ameandika, "Ahsante sana, Mungu akubariki."

FUNDI: Dada, hayo maswali unayaona palepale anapouliza?

DADA: Yanachelewa. Huwa yananifikia baada ya dakika sita, saba. Kwa nini? Mdogo wangu, usimfuate huyo kinyozi, umesikia? Jifungie humo ndani na mtoto, sukuma meza mlangoni, msitoke mpaka—

FUNDI: Nimemtuma.

DADA: Umemtuma nani?

FUNDI: Nilimtuma Chiriku akachukue ufunguo. Wakati unakatika. Nilimwambia kimbia kwa kinyozi, mwambie mama anaomba ufunguo wa nyuma.

DADA: (Simu inakwaruza.) —mwite. Mwite sasa hivi.

FUNDI: (Mbali na simu.) Chiriku? Rudi juu, mama. Ufunguo hatuutaki tena. Chiriku?

DADA: Anaitika?

FUNDI: Shh.

DADA: Anaitika?

FUNDI: Niko kwenye ngazi. Namsikia, yuko chini. Anaongea. Anaonyesha sketi yake, anasema na yeye anacho kimfuko.

DADA: Anaongea na kinyozi? Niambie anaongea na kinyozi.

FUNDI: Sauti ya kinyozi naijua, dada.

(Mlio mara mbili. Salio limekwisha.)